Tunapoza Koti

Asante mwenyekiti. Nimepewa dakika 20, na nimeombwa kwa heshima zote nisianze na kisa cha kunguru. Mnaocheka hapo nyuma mmeshanisikia, mnajua nitaanza nacho. Ila kwanza namwomba yule dada wa mstari wa tatu aliyejitanda khanga asimame kidogo. Usiogope, mwanangu. Leo ni Februari, Dar es Salaam, saa nane mchana. Huko nje watu wanajipepea kwa magazeti, na wewe humu unatetemeka. Rimoti ya kiyoyozi nimeiona pale mlangoni, inasoma 17. Nani aliyeiweka 17? Mnaona, hayupo. Haya, kaa mwanangu, leo sikuja kusema juu ya kumbi, nimekuja kusema juu ya viyoyozi vya magari.

Kisa cha kunguru. Nilikwenda ofisi moja mjini, siitaji, kufuatilia mafao yangu ya ustaafu. Nimefundisha ufundi wa magari miaka 31, kukaa kwenye benchi nikitazama ukuta siwezi, nikatoka nje chini ya mwarobaini. Saa tatu na robo asubuhi. Pale uani Land Cruiser jeupe linanguruma, limesimama. Chini yake maji yanadondoka, to, to, to. Kunguru wetu hawa, mnawajua, hawana haya, wawili wameshatua wanakunywa. Ndani dereva amelaza kiti. Nikagonga kioo. Alipokishusha, ubaridi ukanipiga usoni kama nimefungua friza la samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamsubiri nani?"

"Bosi. Yuko kikaoni."

"Anatoka saa ngapi?"

"Ah, mzee! Bosi haulizwi."

"Si uzime gari basi, ukae hapa kivulini na mimi?"

Akanitazama kama nimemwambia aliuze. "Mzee, akitoka akalikuta la moto, mimi sina kazi."

Nikarudi ndani, faili langu halijapatikana. Saa tano kasoro nikatoka tena. Gari linanguruma, dimbwi limetanuka kama sinia la pilau, kunguru wamefika sita, na mmoja anaoga kabisa, anatingisha mabawa. Saa sita na dakika kumi bosi akatoka. Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Alivaa suti nyeusi nzito, kizibao ndani, tai imekaza shingo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye gari alipiga hatua 12. Nilizihesabu. Kwa ajili ya hatua 12 injini ilinguruma karibu saa tatu.

Mkalifanyie hesabu nyumbani. Injini kubwa namna ile, imesimama na kiyoyozi kimewashwa, kula lita moja kwa saa ni hesabu ya upole. Lita tatu za dizeli. Kila lita ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo asubuhi ile zilitoka kilo nane. Namwona mtu pale ananuna: lita ya dizeli yenyewe haifiki kilo moja, moshi wake unapataje kilo mbili na zaidi? Wanafunzi wangu waliniuliza hivyo kila mwaka. Kaboni ya kwenye mafuta haiondoki peke yake. Kila chembe inashika chembe mbili za oksijeni kutoka hewani na kuondoka nazo, na hizo mbili kwa pamoja ni nzito kuliko yenyewe. Uzito wa ziada umetoka kwenye hewa hii tunayoivuta.

Tena yule bosi hakuwa akipozwa yeye. Lilipozwa koti. Vua koti na kizibao, nyuzijoto 25 zinakutosha. Vaa, utataka 18. Wajapani waliliona hilo mwaka 2005. Walipoanzisha kampeni ya Cool Biz, wakataka ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, waziri wao wa mazingira, Koike Yuriko, aliwaambia wanaume waache tai na makoti. Nguo na nyuzi vilikwenda pamoja. Sisi hapa tulikuwa na Kaunda suti, mikono mifupi, bila tai, mtu anaingia nayo kikao chochote cha heshima. Tukaiacha tukasema ni ya wazee. Wazee walikuwa na akili.

Kuna anayetaka kuniambia, "Mzee, wewe hulijui joto la foleni ya Tazara." Nalijua. Sisemi mzime kiyoyozi. Dereva aliyelegea kwa joto ni hatari kwa kila mtu. Nasema kinachotutesa Dar ni unyevu zaidi ya joto lenyewe. Dodoma inaweza kupiga nyuzi 31 hizihizi na shati likabaki kavu. Hapa jasho halikauki, linakaa mgongoni. Na yale maji waliyokunywa kunguru ni nini? Ni unyevu uliotolewa ndani ya gari. Hewa ikishakaushwa, nyuzi 25 ni raha tupu. Zile saba unazoongeza kushuka mpaka 18 ni za kuonyeshana tu. Gari baridi limekuwa cheo.

Na joto unalolitoa ndani halifi. Linatupwa nje kupitia ile rejeta ya mbele, linampiga miguuni wa bodaboda aliyesimama karibu na wewe kwenye taa. Yeye hana kioo cha kupandisha. Abiria wa daladala ya Mbagala naye hana kiyoyozi.

Sasa mnaodai sheria ya kupanga nyuzi za viyoyozi. India tangu Januari 2020 viyoyozi vipya vya majumbani vinatoka kiwandani vikiwa vimeelekezwa 24, na mwaka 2025 waziri wao wa umeme alitangaza mpango wa kuvizuia visitoke nje ya nyuzi 20 mpaka 28. Vizuri. Ila gari lina ujanja wake, na hapa watunga sheria wengi hawajawahi kufungua boneti. Gari la kawaida lenye swichi ya kuzungusha, bluu mpaka nyekundu, ukiisogeza kidogo kwenye nyekundu unadhani umebana mafuta. Hujabana! Kompresa, ile pampu ya kiyoyozi inayozungushwa na injini, inafanya kazi na hewa inapozwa vilevile, halafu kijilango fulani ndani ya dashibodi kinafunguka, hewa hiyo baridi inapita kwenye hita na kuchanganywa na moto wa maji ya injini. Umenunua barafu ukaipasha. Kwenye gari la namna hiyo bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, punguza feni, kompresa ipate kupumzika. Na gari likiwa limekaa juani, usiwashe kwanza. Fungua milango yote dakika moja, joto litoke bure. Kwenye gari linalojirekebisha lenyewe, hapo namba ina maana, weka 24 au 25.

Kwa hiyo sitaki trafiki mwenye kipimajoto dirishani. Mazungumzo yatakayofuata mnayajua. Ninachotaka ni kitu kinachoonekana kwa macho: gari limesimama, halina safari, lizimwe. Jiji la New York wana sheria ya dakika tatu, na mbele ya shule dakika moja. Tuanze na magari yanayojazwa mafuta kwa kodi zetu. Na waraka uandikwe kwa mabosi. Ukiandikwa kwa dereva, ataonewa bure.

Kuna hoja nyingine ninayoletewa kila ninapokwenda: Afrika inachangia kidogo sana hizi gesijoto, mbona tunyimwe ubaridi na walioharibu ni wengine? Ni kweli, mchango wetu ni mdogo. Lakini mafuta hatuna, tunayaagiza yote kwa dola. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei za mafuta tunashika vichwa, kisha tunakwenda kuwanywesha kunguru. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2019 kwamba viyoyozi vya magari duniani vinakula mafuta sawa na mapipa karibu milioni 1.8 kwa siku, na kwamba kwenye nchi za joto, foleni ikikaza, kiyoyozi kinaweza kuchukua zaidi ya asilimia 40 ya mafuta ya gari. Foleni na joto. Walikuwa wanatusema sisi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ya gesi inayopoza ndani ya kiyoyozi, na hiyo ilistahili mhadhara wake, nitaikimbiza. Magari mengi tunayoagiza yanatumia gesi iitwayo R-134a. Kilo moja ikivuja ina nguvu ya kupasha dunia kama kilo 1,430 za hewa ukaa. Gari dogo linabeba nusu kilo hivi. Ikitoka yote ni kama umechoma lita 300 na kitu za petroli, mara moja. Ulaya magari mapya hayaruhusiwi kuitumia tangu 2017, na hapo jirani Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za ukoo huo. Fundi wetu anafanyaje? Anafungua valvu, psss, ya zamani imekwenda hewani, anajaza mpya bila kutafuta panapovuja. Baada ya miezi mitatu umerudi kwake. Muulizeni kama ana mashine ya kuinyonya gesi. Habari ya vioo vya tinti nilikuwa nayo pia, basi, tuiache.

La mwisho. Wakati naingia niliyapita magari manne pale uani, yananguruma, madereva wamelala. Namba zake nimeziandika nyuma ya hii karatasi. Sitazisoma. Wenyewe mnajijua, simu mnazo mkononi, na mimi sishuki hapa jukwaani mpaka nisikie kumenyamaza.