Bunju Huuawa na Ulaini

Mhadhara kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za samaki mmoja tu, bunju, yule anayejivimbisha, tena samaki ambaye mvuvi wa kwetu pwani akimkuta wavuni humtupa mchangani bila kumtazama mara mbili.

Nimefuga bunju kwa miaka 14. Wale wa mwanzo walinifia mikononi, mmoja baada ya mwingine, na nilipoanza kuwauliza wenzangu nikakuta kila mtu ana kaburi la bunju nyuma ya nyumba. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: bunju wengi wanaokufa majumbani mwetu wanauawa na ulaini. Tunawapa maji laini, yasiyo na chumvi wala madini ya kutosha, na chakula laini, kwa upendo kabisa, nao wanadhoofika tukiwatazama.

Bunju wanaouzwa hapa mjini kwa ajili ya tangi si wa kwetu. Wengi ni wa aina mbili zinazotoka Asia Kusini-Mashariki. Mdogo ana michoro ya manjano mgongoni inayofanana na namba nane. Wataalamu humwita Dichotomyctere ocellatus, na hukua hadi sentimita 8 hivi. Mkubwa ni wa kijani mwenye madoa meusi, Dichotomyctere nigroviridis, naye hufika sentimita 15. Msishawishike kuchukua mtoto wa bunju wa huku kwetu kwenye nyavu za soko la samaki la Feri. Yumo humo Arothron hispidus, anayeweza kufika nusu mita, na hakuna sebule ya Sinza itakayomtosha.

Hao wawili wa Asia wanaishi kama wanavyoishi samaki wa mikokoni kwetu. Nendeni mkasimame kwenye hori la Mzinga maji yakijaa, halafu mrudi yakipwa. Mahali ni palepale, lakini maji ya asubuhi si ya mchana. Bahari inaingia, mto unasukuma, chumvi inapanda na kushuka. Samaki aliyeumbwa kwa maisha hayo anauzwa akiwa kwenye maji matupu yasiyo na chumvi, na muuzaji anakwambia yuko sawa. Niliwahi kununua bunju wa kijani katika duka moja hapa jijini, tumbo lake lina weusi wa masizi. Nikaambiwa ndiyo rangi yake. Tumbo la bunju huyo akiwa mzima ni jeupe. Nilimpandishia chumvi kidogokidogo, wiki kwa wiki, na katika mwezi wa pili likawa jeupe kama wali.

Sasa chumvi gani? Si ya mezani. Ile ni chumvi tu na madini joto, haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha, na haishikilii maji yasigeuke kuwa na asidi. Wenzetu wa nchi zisizo na bahari wananunua chumvi ya bahari ya maboksi. Sisi tunayo bahari yenyewe. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Ukichanganya ndoo moja ya bahari na ndoo tatu za bomba, unapata karibu gramu 9, na kipima chumvi, kinacholinganisha uzito wa maji hayo na wa maji yasiyo na chumvi, kitasoma kama 1.006. Hapo bunju wa namba nane atakushukuru. Yule wa kijani akishakuwa mtu mzima anataka zaidi: nusu kwa nusu, na hata kupita hapo. Lakini msipandishe kwa pupa. Mimi huongeza kipimo kwa 0.002 kwa wiki, kwa sababu bakteria wa kwenye chujio, wanaosafisha uchafu wa samaki, nao wanahitaji kuzoea.

Chota maji yakiwa yanajaa, mbali na mdomo wa mto Msimbazi, na usichote siku za masika bahari ikiwa ya tope. Yachuje kwa kitambaa. Maji ya bomba yaache yakae siku nzima na pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini itoke, au tumia dawa yake. Kuna anayeniuliza kuhusu maji ya kisima, kwamba kisima chake kina chumvi tayari. Ndugu yangu, chumvi hiyo hujui imechanganyika na nini. Visima vifupi vingi vya mjini viko jirani na mashimo ya vyoo, na maji yake huwa na naitreti nyingi hata kabla samaki hajaingia.

Hapa kwenye uchafu nataka tukae kidogo. Bunju ni mlafi, anakula nyama, anatapanya mabaki. Uchafu huo unakuwa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha, na ndani ya muda huo usimtie bunju. Amonia ileile ni sumu kali zaidi maji yakiwa na pH ya juu, yaani asidi kidogo, na yakiwa ya moto. Maji yetu ya chumvichumvi yana pH ya 8, na Februari ya Dar mnaijua. Kwa hiyo sisi hatuna nafasi ya uzembe ambayo mtu wa nchi ya baridi anaweza kuwa nayo. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Tangi lisikae dirishani. Joto likizidi nyuzi 28, puliza feni juu ya maji, ukijua kwamba maji yatapungua na chumvi itabaki. Ya kujazia pengo hilo yawe maji ya bomba matupu. Na umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri iwe karibu kama tochi.

Chakula. Meno ya bunju ni mabamba manne yanayokua maisha yake yote. Asipovunja kitu kigumu, hayasagiki. Mpe konokono wadogo wa majini, kamba na maganda yao, vipande vya miguu ya kaa. Nyama iliyomenywa ndiyo ulaini wenyewe niliousema.

Wa kwangu niliyempenda kuliko wote alianza kumsogelea kamba, akamgusa, akageuka. Siku ya tatu nikachukua tochi. Meno ya juu yalishapita ya chini, yamejikunja kama kucha ya kuku, mdomo haufunguki. Nilitia mafuta ya karafuu kwenye kichupa cha maji ya vuguvugu, nikatikisa mpaka yakawa meupe kama tui, kisha nikayadondosha tone kwa tone kwenye bakuli la maji ya tangi lake. Alianza kuyumba, akalala ubavu, mashavu yakiendelea kupumua. Nikamshika kwa kitambaa kilicholowa, nikakata ncha kwa kikatia kucha. Inatoa sauti ndogo, *tak*. Nikamrudisha kwenye maji safi mbele ya pampu, na zile dakika za kumsubiri apige mapezi sizisahau. Jioni alivunja konokono. Msifanye peke yenu mara ya kwanza. Karafuu ikizidi haamki.

Msimchokoze avimbe. Akivimba majini hujaza tumbo maji, na hilo analimudu. Akivimba nje ya maji humeza hewa, na mara nyingine hawezi kuitoa. Mhamishe kwa bakuli, kamwe si kwa wavu. Dawa zenye shaba zikae mbali naye. Na akae peke yake, kwani mapezi ya wenzake kwake ni kitoweo.

Akifa, mfukie. Sumu ya bunju haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuipindua, na paka hajui hilo. Wala usimwachie horini akiwa hai. Yule ni mgeni kule.

Kesho asubuhi niko Kunduchi na ndoo zangu, kabla maji hayajaanza kupwa. Kipima chumvi ninacho. Mwenye tangi na aje na ndoo yake yenye mfuniko, tuchote pamoja.