Injini za mvuke za Leiston na mkanda wa korona

Haya jamani, tumefika. Shikamooni wazee wangu wa Korogwe, na vijana wote mambo vipi. Leo niko Leiston, mji mdogo wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ngoja nigeuze kamera muone ndani. Wenyeji jengo hili wanaliita Kanisa Kuu, na ukiingia unawaelewa: nguzo za mbao, roshani huku na huku, mwanga unashuka toka juu. Lakini hapakuwa mahali pa ibada. Ni karakana ya injini za mvuke za shambani.

Richard Garrett alianza kufua mundu na zana za kilimo mjini hapa mwaka 1778. Karakana hii aliijenga mjukuu wake mwaka 1852. Injini iliingilia mwanzo ule ikiwa boila tupu, ikasogezwa hatua kwa hatua, vipuri vikishushwa toka roshani, ikatokea mwisho ule imekamilika. Na Henry Ford, yule mtengeneza magari anayesifiwa kwa mtindo huu, alikuwa hajazaliwa! Yeye ni wa 1863.

Sogeeni tuitazame injini hii. Ina magurudumu manne ila haijiendeshi, ilivutwa na farasi toka shamba hadi shamba. Ndiyo maana bomba la moshi lina bawaba hapa chini, mnaiona? Safarini linalazwa juu ya boila, mkifika mnalisimamisha. Makaa ya mawe yanawaka huku nyuma, joto linapita kwenye mabomba yaliyozama ndani ya maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha hili gurudumu kubwa la pembeni. Juu ya gurudumu unavishwa mkanda mrefu, unakwenda mpaka kwenye mashine ya kupura ngano.

Mkanda huo ndio ulionikumbusha babu. Babu alikuwa fundi wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba la mkonge. Watu wa Tanga mnaijua korona, inavyokwangua majani mpaka zibaki singa nyeupe. Babu alikuwa akisikiliza tu, anakwambia mkanda umelegea, na kweli umelegea. Mwaka juzi nilipokuja likizo nilikwenda kulitazama lile banda. Tupu. Korona ilishakatwa vipande, ikauzwa chuma chakavu. Niliumia sana, na leo nimeumia tena. Kiwanda hiki cha Leiston kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na 1984 kikafunguliwa kama makumbusho. Ilipita miaka michache tu, mashine zikiwa bado zipo na mafundi wake wakiwa bado na kumbukumbu.

Kuna mzee anajitolea hapa, nimemsimulia habari za korona. Akafurahi, akaniuliza: babu yako na wenzake mkanda walikuwa wakiupaka nini usiteleze? Nikakosa jibu. Miaka yote ile nimekaa na babu, sikuwahi kumuuliza.

Mama, mwonyeshe babu video hii jioni akishakula. Muulize hilo la mkanda, umrekodi kwa simu, usimkatize. Kisha unitumie.