Muulizeni Mama Kabla ya Kusoma Mizani

Ahsante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi, na naanzia hapo hapo, kwa mama, kwa sababu bado hatumuulizi habari zake.

Akiletwa mtoto wa chini ya gramu 1500, sote tunakimbilia mizani. Uzito unaandikwa mpaka gramu ya mwisho. Habari za mama? Mstari mmoja: "anaendelea vizuri".

Usiku mmoja nilipokea njiti wawili, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kila mmoja gramu 1200. Wa kwanza alikuwa wa wiki 28, mama yake alipasukiwa chupa mapema. Ngozi nyekundu, inang'aa, anaguna kila akitoa pumzi: mapafu machanga. Wa pili wiki 33, macho yako wazi, ngozi imekunjamana kama ya mzee. Kondo la nyuma lilishindwa kumlisha kwa sababu presha ya mama ilipanda. Huyu mapafu yana nafuu, lakini sukari inashuka upesi. Mizani inawaona sawa!

Nikaenda kwa mama yule wa pili. Kichwa kilimuuma wiki mbili, akaona vimulimuli, miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa. Alipoeleza kliniki aliambiwa ndiyo mimba ilivyo. Kwenye kadi yake, nafasi ya presha ilikuwa tupu mahudhurio mawili mfululizo. Kipimo cha dakika chache! 140 kwa 90 ingetosha kumshtua mtu.

Najua mtasema, "Daktari, tupeni mashine za kupumulia kwanza." Hata mimi naziomba. Lakini tangu 1972 watafiti Liggins na Howie walionyesha kwamba sindano za steroidi kabla ya kujifungua hukomaza mapafu ya mtoto. Anayedungwa ni mama! Wala si kila mama: umri wa mimba ujulikane, maambukizi yachunguzwe, mtoto awe na pa kuhudumiwa. Sasa hayo utayajuaje hujamuuliza?

Malaria, upungufu wa damu, pacha, mimba za kufuatana, nilivipangia muda, na muda umekwisha. Niseme la kangaruu tu, yaani mtoto kukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa 2021, uliwaweka watoto kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie. Vifo vilipungua kwa robo. Haiwezekani mama akilazwa jengo lingine. Kitanda chake kiwe humo humo wadi ya njiti, na presha yake ipimwe humo humo, maana kifafa cha mimba, yaani degedege la presha hii ya mimba, humpata mtu hata akishajifungua.