Jibu Sababu Iliyoandikwa: Paa, Dhoruba na Dai la Bima Lililokataliwa Texas

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wote, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuzungumza habari za mapaa.

Tarehe 16 Mei 2024 upepo mkali ulipita Houston, ukang'oa miti na kuvunja vioo vya maghorofa ya katikati ya mji. Hata miezi miwili haijaisha, tarehe 8 Julai, kimbunga Beryl kikaingia nchi kavu karibu na Matagorda na kutufikia hapa. Wenzetu wa Dallas na Fort Worth nao wanasumbuliwa na mvua ya mawe karibu kila mwaka. Baada ya kila dhoruba mambo huenda kwa namna ileile: mtu anapiga simu bima, mkaguzi anakuja, anapanda ngazi, anapiga picha, anashuka, anaaga kwa adabu. Wiki kadhaa baadaye inafika barua kwamba dai limekataliwa.

Kwa wengi wetu nyumba hii ndiyo mali kubwa ya kwanza kumiliki. Humu ndani wamo waliotoka Bukavu wakaishi miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Texas, wamo wa Mombasa, wamo wa Kigoma. Bima tumeilipa kila mwezi, wengine bila hata kujua, kwa kuwa inakatwa pamoja na rejesho la mkopo wa nyumba. Ndiyo maana barua ile inauma. Wapo wanaoifungia kwenye droo na kuanza kukinga maji kwa ndoo. Wapo wanaopiga simu na kumfokea aliyepokea, ambaye wala hakuhusika. Kote kuwili siku zinapita na dai halisogei. Jambo ninalotaka muondoke nalo leo ni moja: barua ile imeandikwa sababu, na hiyo sababu ndiyo inayojibiwa.

Sababu hiyo si hisani ya kampuni. Sheria ya bima ya Texas, sura ya 542, inaitaka kampuni ikikataa dai ieleze kwa maandishi ni kwa nini. Sheria hiyohiyo imeweka saa ya kampuni: siku 15 kukiri kwamba imepata taarifa yako na kuanza uchunguzi; siku 15 za kazi, tangu ipate nyaraka zote ilizoomba, kukubali au kukataa; na ikishakukubalia, siku 5 za kazi kulipa. Ikihitaji muda zaidi wa kuamua, lazima ikuambie kwa nini, na hapo inaongezewa siku 45. Baada ya maafa makubwa muda huo unaweza kusogezwa mbele kidogo. Kwa hiyo andika tarehe ya kila kitu. Ukizungumza nao kwa simu, siku hiyohiyo watumie barua pepe fupi: leo nimezungumza na fulani, ameniambia hivi na hivi.

Sasa chukua barua yako uisome na hati yako ya bima pembeni. Ukurasa wa mwanzo wa hati peke yake hautoshi, tafuta hati nzima. Kama huna, iombe kwa maandishi, na pamoja nayo uombe ripoti ya mkaguzi, picha zake na makadirio yake ya gharama. Katika barua utakuta wamenukuu kifungu. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: paa limechakaa kwa umri; uharibifu ulikuwepo kabla ya dhoruba; maji yameingia bila upepo kufungua tundu; ni mafuriko, na mafuriko hayamo katika bima ya nyumba; au hasara ipo, lakini ni ndogo kuliko kiwango cha kujilipia mwenyewe.

Hiyo ya mwisho inawachanganya wengi, tuipigie hesabu. Hapa Texas kiwango cha kujilipia kwa upepo na mvua ya mawe kwa kawaida huandikwa kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima, si ya gharama ya paa. Nyumba ikikatiwa bima ya dola 300,000 na kiwango chako ni asilimia 2, dola 6,000 za mwanzo ni zako. Mkaguzi akiona vigae vichache vya kubadilisha akakadiria dola 2,500, kampuni hailipi chochote. Hapo haijakana kwamba dhoruba ilikupiga. Imesema ilikupiga kidogo. Jibu lake ni makadirio mengine ya fundi paa, yaliyochambuliwa kipengele kwa kipengele: vigae, karatasi ya chini, mabati ya kuzunguka bomba, magata, kubomoa na kutupa. Makadirio ya mstari mmoja, "paa jipya, dola 16,000", hayamtikisi mtu. Kampuni nyingi hukadiria kwa programu ya Xactimate, na fundi mzoefu anajua kuandika kwa mpangilio huohuo, ili tofauti ionekane iko kwenye mstari gani.

Wakisema ni uchakavu, suala linahamia kwenye kigae chenyewe. Vigae vyetu vingi ni vya lami, juu vimepakwa chembe za mawe zinazokinga jua. Kigae kilichozeeka hupoteza chembe kidogo kidogo, sehemu pana, na kingo zake hujikunja. Kigae kilichopigwa na jiwe kina doa lenye mpaka, chembe zimekandamizwa au zimeruka zote mahali pamoja, lami nyeusi inaonekana, na ukibonyeza kwa kidole panabonyea kama embe lililoanguka. Upepo nao una alama yake: huinua kigae na kukikunja, halafu kinalala tena. Ukiwa chini huoni kitu, lakini ukikinyanyua kidogo unaona mstari wa mkunjo karibu na misumari, na gundi imeachia. Msipande wenyewe, tafadhali. Mwambieni fundi apige picha ya kila upande wa paa kwa jina lake, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na achore mraba wa futi 10 kwa 10 kila upande ahesabu mapigo ndani yake, kwa kuwa hivyo ndivyo wakaguzi wenyewe wanavyofanya.

Na msiangalie paa peke yake. Mvua ya mawe haichagui. Angalieni magata, vifuniko vya matundu ya hewa, sanduku la barua, na yale mabati membamba ya alumini kwenye kiyoyozi cha nje. Kukiwa na vishimo kwenye chuma laini upande uleule ambao paa limepigwa, hoja ya uchakavu inapungua nguvu sana, maana uzee hautoboi vishimo kwenye alumini.

Wakisema uharibifu ulikuwepo zamani, thibitisha jinsi paa lilivyokuwa kabla. Wengi wenu mnao ushahidi huo bila kujua. Ripoti ya ukaguzi mliyofanyiwa mliponunua nyumba. Picha za tangazo la kuiuza. Google Street View huhifadhi picha za miaka iliyopita, na Google Earth ina picha za angani za nyuma unazoweza kuzirudia kwa tarehe. Kisha weka dhoruba yenyewe: idara ya hali ya hewa ya Marekani ina kumbukumbu za wazi za matukio ya dhoruba, zinazoonyesha siku, eneo, kasi ya upepo au ukubwa wa mawe. Jiwe la inchi 1 ndipo wanapoanza kuita dhoruba hiyo kali.

Hapa pana neno kwa vijana mnaowatafsiria wazazi. Mkaguzi akiuliza paa lina umri gani, au doa la dari limekuwepo tangu lini, msikisie ili kumridhisha mgeni. Mzee akisema "labda miaka ishirini", inaandikwa ishirini, na itarudi kwenye barua. Kama hajui, jibu ni kwamba hajui na atatafuta.

Kisheria mzigo umegawanywa. Wewe unatakiwa uonyeshe kwamba hasara imetokana na jambo linalolipiwa na bima. Kampuni ikidai kuna kifungu kinachokutoa, ni juu yake kukithibitisha. Ila paa likiwa na uzee na kipigo kwa pamoja, Texas inakutaka uweze kutenganisha kiasi kilichosababishwa na dhoruba. Fundi anayeandika "paa lote limekufa" bila kueleza anakuharibia.

Ukishakusanya, andika barua. Taja namba ya dai, tarehe ya barua yao, nukuu sababu yao kama walivyoiandika, weka ushahidi wako chini yake, na uombe ukaguzi wa pili ukiwa na fundi wako juu ya paa siku hiyohiyo. Wakati huo funika tundu kwa turubai, maana hati inakutaka uzuie hasara isiongezeke; piga picha kwanza, tunza risiti, na vigae vilivyong'oka usivitupe.

Kuna kesi napenda mwijue. Aprili 2003 mvua ya mawe ilipiga Plano. Mkaguzi wa kampuni akamwambia mwenye nyumba mmoja kwamba kilichoharibika ni vigae vya kwenye mgongo wa paa tu, gharama yake haifikii dola 500, wakati kiwango chake cha kujilipia kilikuwa dola 1,477. Fundi wake akasema paa zima, zaidi ya dola 13,000. Mama yule akadai kifungu cha uthamini kilichomo katika hati: kila upande unateua mthamini wake, hao wawili wanachagua mwamuzi, na wowote wawili kati ya hao watatu wakikubaliana, kiasi kimewekwa. Kampuni ikakataa, ikisema ubishi hauhusu bei, unahusu ni vigae gani vilivyopigwa na mawe. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema uthamini uendelee. Soma hati yako uone kama kifungu hicho kipo, kwa sababu baadhi ya kampuni zimekibana au zimekiondoa. Na kina gharama: unamlipa mthamini wako na nusu ya mwamuzi.

Kulalamika kwa Idara ya Bima ya Texas ni bure, na kampuni inalazimika kuijibu. Idara haiwezi kuamua nani anasema kweli kuhusu vigae, lakini inaweza kuona kama sheria na tarehe zimevunjwa. Wakili akiingia, jueni kwamba kwa hasara za hali ya hewa sheria ya 2017 inataka kampuni ipewe notisi siku 61 kabla ya kufungua kesi.

Kuhusu wanaogonga milango baada ya dhoruba nitasema kwa ukali, kwa sababu wanawaumiza watu wetu. Texas haitoi leseni ya jimbo kwa mafundi paa, yeyote anaweza kujiita fundi. Anayekuambia "usilipe sehemu yako, tutaimeza sisi" anakuingiza katika jambo ambalo ni kosa kwa sheria iliyoanza Septemba 2019. Anayesema atakujadilia na bima huku yeye ndiye atakayeezeka, hana ruhusa hiyo. Mahakama ya Juu ya Texas ililikazia hilo mwaka 2024. Anayeruhusiwa kukujadilia kwa malipo ni wakili, au mthamini wa upande wa mwenye nyumba mwenye leseni (kwa Kiingereza public adjuster, si yule wa kifungu cha uthamini), na huyo mthamini hapaswi kudai zaidi ya asilimia 10 ya fidia. Usitie saini kwenye tableti ya mtu aliyesimama mlangoni.

Mwisho ni muda. Hati nyingi zinataka hasara ya upepo na mvua ya mawe itolewe taarifa ndani ya mwaka 1, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2 na siku 1. Wa Galveston na pwani yote wenye bima ya TWIA, shirika la bima ya upepo la pwani ya Texas, wana masharti yao, na mengine ni mafupi zaidi, kwa hiyo wasome hati yao na si ya jirani. Waliokuja na barua waje huku mbele na hati zao. Tutaanza kwa kupigia mstari sababu na tarehe, kisha tuandike.