Matunzo Hayasubiri Talaka

Ndugu wasikilizaji, habari za Baraza la Usuluhishi la Ndoa na namna ya kufungua shauri la talaka mnazifahamu, kwa hiyo sitazigusa. Nimekuja kwa jambo lile lile ambalo wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema, na nitalisema tena mpaka lieleweke: matunzo, yaani malazi, mavazi na chakula ambavyo mwenzi mmoja anawajibika kumpatia mwingine, hayasubiri talaka. Mwenzi anayestahili kutunzwa anaweza kuomba tangu anapoanza kunyimwa, wala halazimiki kungoja siku ya hukumu.

Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo na hali yake ya maisha. Kifungu cha 115 ndicho kinachoipa mahakama nguvu ya kumwamuru alipe, nacho kinataja pale anapokataa au kupuuza kumtunza mkewe, pale anapomtelekeza, wakati shauri la ndoa likiendelea, na pale mahakama inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au hata baada ya hapo. Angalieni mpangilio huo vizuri. Hali mbili za kwanza hazihitaji shauri la talaka hata kidogo; mke anaweza kubaki katika ndoa yake, asiombe ivunjwe, na bado akaiomba mahakama imwamuru mume atimize wajibu wake. Hali ya tatu inahusu kipindi kile kirefu cha tarehe kuahirishwa na mashahidi kutofika, na hicho ndicho kipindi ambacho watu wetu wanaumia bila sababu.

Nilimpokea mama mmoja ambaye shauri lake lilikuwa limekwisha tayari. Mumewe alihama nyumbani na kuacha kupeleka chochote, na yeye akafungua shauri la talaka. Kodi ya nyumba ilipomshinda aliuza cherehani, yaani kitu pekee kilichokuwa kikimwingizia fedha, na sehemu ya fedha hiyo ikaishia kwenye nauli ya kwenda mahakamani na kurudi. Siku ya hukumu alipata talaka na sehemu ya kiwanja, lakini kuhusu matunzo hukumu haikusema neno, kwa kuwa hakuna aliyeyaomba. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba tangu mwanzo, alijibu kwamba aliogopa kuonekana amefuata fedha. Hakuwa na mtu wa kumweleza kwamba angeweza kuomba amri ya muda, yaani ya kutunzwa wakati shauri likiendelea, tangu lilipofunguliwa, na kwamba cherehani ile isingelazimika kuuzwa. Ninakasirika kila ninapolikumbuka jambo hili, na simkasirikii yeye. Ninatukasirikia sisi tunaoijua sheria na kuiacha ikae makabatini.

Najua kuna mtu hapa anayejiuliza kwa nini mwanamume amlipe mwanamke mwenye biashara yake. Mheshimiwa, kifungu cha 116 kinaielekeza mahakama itazame kwanza uwezo na mahitaji ya pande zote mbili, kwa hiyo mke mwenye kipato cha kumtosha anaweza kupata kidogo au asipate kabisa. Mahakama huangalia pia ni nani aliyechangia zaidi kuvunjika kwa ndoa, pamoja na mila za jamii ya wahusika. Lakini hayo ni ya hakimu kuyapima baada ya kusikiliza ushahidi. Mume hana mamlaka ya kuketi sebuleni akaamua kwamba mkewe ana makosa, kwa hiyo asile.

Mwingine atasema kwamba mumewe hana hati ya mshahara, ni fundi au dereva wa bodaboda, basi mahakama itajuaje kipato chake? Itajua kwa ushahidi mtakaoupeleka: nani alikuwa akilipa kodi na kiasi gani, ada za shule zilitoka wapi, miamala ya simu inaonyesha nini, jirani ameona pikipiki ngapi uani. Wengi wanakwenda mahakamani na machungu tu, bila hata orodha ya matumizi ya mwezi mmoja, kisha wanashangaa kupewa kiasi kisichotosha unga.

Naona saa zinakwenda, basi yaliyobaki nitayapitia haraka. Wajibu huu wa kumtunza mwenzi unaweza kumwangukia mke pia, endapo mume hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu na mke ana uwezo. Msichanganye matunzo na mgawanyo wa mali: shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali, lilihusu mali chini ya kifungu cha 114, na anayepewa sehemu ya nyumba hajapewa kwa hiyo chakula cha mwezi ujao. Matunzo ya watoto nayo yana msingi wake katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hivyo yaombwe kwa jina lake. Kwa ndoa za Kiislamu, matunzo ya eda, yaani kipindi ambacho mke aliyeachwa hungoja kabla ya kuweza kuolewa tena, ni haki, si hisani ya mtaliki.

Amri ya matunzo hukoma mmoja wa wahusika anapofariki, isipokuwa ile iliyowekewa dhamana ya mali, yaani mali iliyowekwa kuhakikisha malipo, ambayo hudumu mpaka mpokeaji atakapofariki. Na mtalaka akiolewa tena, haki yake kwa mume wa kwanza inakwisha. Kiasi kilichoamriwa kinaweza kubadilishwa hali zikibadilika, kwa hiyo aliyepoteza kazi arudi mahakamani aombe kipunguzwe badala ya kuacha kulipa kimyakimya, na anayeona bei zimempita arudi vilevile aombe kiongezwe.