Risasi za Mazoezi Zilizobaki Ghalani na Bunduki ya Garand

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Niliye naye mezani leo ni Bwana Athumani, ambaye kila kiangazi husafiri hadi Camp Perry, kando ya Ziwa Erie hapa Ohio, kushindana shabaha kwa bunduki iliyomzidi umri. Bunduki hiyo ni M1 Garand, na mazungumzo yetu yanahusu risasi za mazoezi za jeshi ambazo hukaa ghalani kwa miongo kadhaa kisha zikauzwa kwa raia. Nikiri mapema kwamba nilipokuwa JKT tuliokota kila ganda lililoanguka uwanjani na kulihesabu mbele ya afande, kwa hiyo habari ya risasi za jeshi kuuzwa kwa masanduku ilinishangaza sana.

ATHUMANI: Ni haki yako kushangaa, Bi Rehema. Hapa Marekani, hata hivyo, jambo hilo ni la zamani. Mwaka 1903 serikali iliunda bodi ya kuhimiza raia wajifunze shabaha, kwa hoja kwamba anayeingia jeshini akiwa tayari anajua kulenga ni nusu askari. Mrithi wa mpango huo ni taasisi ya CMP, yaani Civilian Marksmanship Program, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ndiyo inayowauzia raia wa Marekani waliotimiza masharti, pamoja na kuchunguzwa kumbukumbu zao, bunduki za Garand zilizostaafu. Kwa miaka mingi iliuza pia risasi zilizotengenezwa Ugiriki, zenye herufi HXP kwenye tako la ganda. Zilifungwa nane nane kwenye klipu, yaani kibanio cha chuma, klipu sita katika mkanda wa kitambaa, na mikanda minne ndani ya kopo la bati, yaani risasi 192.

REHEMA: Tuanze na bunduki yenyewe.

ATHUMANI: Iliundwa na John Garand, mzaliwa wa Quebec, katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, na jeshi likaipokea rasmi mwaka 1936. Ni ya nusu otomatiki: ukivuta kifyatulio mara moja hutoka risasi moja, kisha gesi ya baruti hulitupa ganda nje na kuiwezesha bunduki kujipakia nyingine. Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha risasi yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walilalamika kwamba risasi zao za bombomu hazifiki mbali kama walivyoahidiwa. Kwa hiyo ikabuniwa risasi ya M1, yenye kichwa kizito cha gramu 11 hivi na kitako kilichochongoka, ambayo ilipaa kwa zaidi ya kilomita 4. Ikawekwa akiba, huku askari wakiendelea kufanyia mazoezi risasi za zamani zilizobaki tangu vitani.

REHEMA: Kwa hiyo hata wakati huo mazoezi yalifanywa kwa mabaki ya ghala.

ATHUMANI: Naam, na mabaki yalipokwisha, katikati ya miaka ya 1930, ile mpya ikaingia uwanjani na tatizo likajitokeza. Viwanja vingi vya shabaha vilikuwa vimepimwa kwa risasi ya zamani, na risasi ya M1 ingeweza kuvuka mipaka yake ya usalama na kuangukia kwa watu. Jeshi likaagiza kwa haraka risasi nyepesi ya kufanyia mazoezi, yenye kichwa cha gramu 10 hivi na kitako bapa, inayofika umbali mfupi zaidi. Hiyo ndiyo M2. Askari waliipenda kwa sababu ilikuwa nyepesi kubeba na haikupiga bega kwa nguvu kama ile nyingine, ikawa risasi ya kawaida ya jeshi, na ndiyo waliyokwenda nayo Vita vya Pili. Mtu akiniuliza kama ni salama kutumia risasi za mazoezi katika Garand, humjibu kwamba Garand ilikwenda vitani na risasi iliyozaliwa kwa ajili ya mazoezi.

REHEMA: Lakini dukani mtu ataona risasi mpya za kuwindia zenye kipimo cha .30-06, kile kile cha risasi za Garand. Kwa nini asichukue hizo, ambazo hazina vumbi la ghala?

ATHUMANI: Kwa sababu kipimo hakikuambii mambo yote. Chemba ya Garand, yaani mahali risasi inapokaa ikilipuka, ni imara, na mara nyingi si hiyo inayoumia. Karibu na mdomo wa mtutu kuna tundu dogo ambamo gesi huchepuka na kusukuma fimbo ndefu iliyopinda kidogo, na fimbo hiyo ndiyo inayofungua bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Risasi nyingi za kuwindia hubeba kichwa kizito na baruti inayoungua polepole, kwa hiyo gesi inapofika tundu lile bado ina shinikizo kubwa kuliko iliyokusudiwa. Fimbo hurushwa nyuma kwa kasi, na baada ya muda hupinda au kupasuka, hata mwili wa bunduki ukaweza kupata ufa. Wapo wanaofunga kizibo cha gesi chenye tundu la kupunguza shinikizo, na kinasaidia. Mimi naona ni rahisi zaidi kuipa bunduki chakula ilichozoea.

REHEMA: Na risasi ya zamani haiwezi kuwa na lake?

ATHUMANI: Inaweza, na lake kubwa ni chumvi. Risasi nyingi za jeshi la Marekani za kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950 zina fataki, yaani kile kiwashio kidogo kilicho katikati ya tako la ganda, zenye klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha ndani ya mtutu chumvi isiyoonekana, inayovuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni wakati wa masika, na ukiiacha kwa siku chache unakuta kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, maji huiyeyusha. Zile za Ugiriki hazina tatizo hilo, ndiyo sababu watu walizigombania. Basi kabla ya kununua soma tako la ganda, maana huandikwa alama ya kiwanda na mwaka. Tazama pia ganda lenyewe: likiwa na ufa shingoni, au chembe za kijani zinazolila, liweke kando. Na ncha iliyopakwa rangi nyeusi maana yake ni risasi ya kutoboa vyuma, ambayo viwanja vingi huikataa kwa sababu huharibu shabaha za chuma na kuwasha moto kwenye majani makavu.

REHEMA: Kuna pia risasi baridi, zisizo na kichwa. Nimeona wazee wa vyama vya maveterani wakizipiga makaburini.

ATHUMANI: Umeona pia jinsi kila mmoja anavyovuta mpini kwa mkono baada ya kila mshindo? Si heshima za mazishi tu hizo. Bila kichwa kinachoziba mtutu, gesi hutoka mbele bila kujenga shinikizo, na bunduki haijipakii. Jeshi lilikuwa na kizibo maalumu cha kufunga mdomoni mwa mtutu ili ijipakie, na aliyekisahau hapo kisha akapiga risasi ya moto alijitafutia msiba. Wajerumani walikuwa na risasi za mazoezi za plastiki kwa bunduki yao ya G3, nyepesi mno, na askari alibadilisha bolti nzima kabla ya kuzitumia. Siku hizi watu huzinunua kwa bei nafuu bila bolti hiyo, kisha wanalalamika kwamba bunduki ni mbovu. Tena plastiki hiyo bado inaua mtu aliye karibu.

REHEMA: Shindano lenu linahitaji risasi ngapi?

ATHUMANI: Thelathini na tano kwa umbali wa yadi 200, tano kati yake zikiwa za kujipima. Onyo moja kwa anayeanza: usitumbukize risasi moja moja ndani ya chemba na kuiachia bolti ijifunge kwa nguvu. Pini ya Garand, ile inayoigonga fataki, haishikwi na springi, huigusa fataki kidogo bolti inapojifunga, na fataki laini au iliyokaa juu inaweza kulipuka kabla hujagusa kifyatulio. Fataki za jeshi zilifanywa ngumu kwa sababu hiyo.

REHEMA: Na ukishamaliza, zile risasi zako za chumvi?

ATHUMANI: Siondoki uwanjani kabla ya kuuosha mtutu. Ndani ya gari nina chupa ya chai yenye maji ya moto, nayamimina kuanzia chemba hadi mdomoni, nakausha kwa vitambaa, halafu ndipo napaka mafuta.

REHEMA: Chupa ya chai?

ATHUMANI: Ile ya zamani. Mke wangu alininunulia nyingine ya kunywea.