Tinto ya saa kumi na mbili asubuhi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni Kihispania cha vinywaji kama tulivyoahidi. Nina maneno kumi kwenye karatasi hapa, na Eli ameapa hatanichanganya.

ELI: Kabla hujaanza...

ZUHURA: Ndiyo hayo.

ELI: Jumanne nimemnywesha mzee wa watu mvinyo saa kumi na mbili asubuhi.

ZUHURA: Wapi?

ELI: Kambini Seronera, kule Serengeti. Wageni wawili wa Bogotá, mzee na mkewe. Baridi ile unayoijua, mpishi ndio kwanza anapuliza mkaa. Mzee anatoka hemani kajifunga blanketi, ananiambia, "¿Me regala un tinto?" Sasa si ulinifundisha mwenyewe? Tinto, mvinyo mwekundu.

ZUHURA: Nilikufundisha cha Hispania! Kule ndiyo, vino tinto. Ukisema vino rojo, ile rojo ya rangi nyekundu, wanajua umeshuka kwenye ndege jana.

ELI: Na regalar najua ni kutoa zawadi. Nikajiuliza, huyu anataka mvinyo alfajiri, tena wa bure? Nikasema labda kwao ndivyo. Chupa ya jioni ilikuwa imebaki robo. Nikammiminia kwenye kikombe cha bati.

ZUHURA: Yarabi.

ELI: Akanusa. Akamtazama mkewe. Mama akageukia pembeni, mabega yanacheza. Mzee akasema gracias, akanywa wote.

ZUHURA: Mstaarabu huyo. Eli, Kolombia tinto ni kahawa chungu! Wanaiuza barabarani kwenye chupa za chai, kama wazee wetu wa Tanga na madele yao. Na hiyo "me regala" si kuomba bure. Ndivyo wanavyoagiza kwa adabu, halafu analipa.

ELI: Mpishi alinieleza hivyo hivyo baadaye. Amehudumia Wakolombia, na alikaa kimya akinitazama nikimimina.

ZUHURA: Haya, neno la kwanza: caña. Glasi ndogo ya bia ya bomba, kama mililita 200...

ELI: Ngoja. Hii "me regala" nimeipenda. Ni "naomba" yetu kabisa. Wewe uliyefanya kazi Málaga, kule Hispania, uliniambia watu wanasemaje?

ZUHURA: "Ponme un café." Niwekee kahawa.

ELI: Hivyo tu?

ZUHURA: Hivyo tu. Wiki ya kwanza nilikwenda kulia stoo. Baadaye nikazoea, nikaona ni ukaribu. Anakutazama usoni, anatabasamu, anakuita guapa, mrembo, "ponme". Por favor, zile tafadhali, zikizidi, unawaweka watu mbali.

ELI: Amri ni amri.

ZUHURA: Wao hawaisikii kama amri. Nenda Málaga mjini ukaombe kahawa kama zawadi, wacheke mpaka wakae.

ELI: Wacheke. Mimi nimetumwa na wageni miaka kumi na moja. Anayetumwa ndiye anayejua neno gani linauma.

ZUHURA: Na mimi nilikuwa nikifanya nini pale, Eli? Nilikuwa natalii? Mimi nilitumwa kwa Kihispania, kila siku, miaka mitatu. Halikuniuma.

ELI: Umetuambia sasa hivi ulilia stoo.

ZUHURA: Wiki ya kwanza!

ELI: Lilikuuma, ukazoea. Kuzoea si kwamba haliumi.

ZUHURA: Basi Nairobi nzima ni wakorofi, maana wanasema "nipe chai".

ELI: Sijasema.

ZUHURA: Unafikiri.

ELI: Ninafikiri.

ZUHURA: Meseji zote za wiki hii atajibu Eli. Namba yake mnayo.

ELI: Na mvinyo nitawatumia. Asubuhi.

ZUHURA: Mimi sikubali, na nimeona hukubali, twende. Caña. Hispania ni bia, Chile ukisema mtu ana caña, ana mning'inio wa pombe ya jana.

ELI: Acha! Kwa hiyo mtu anaagiza bia, analetewa kichwa kuuma?

ZUHURA: Mning'inio wenyewe Hispania ni resaca, neno hilo hilo la wimbi linavyorudi baharini na kukuvuta. Meksiko ni cruda, mbichi. Venezuela ratón, panya. Na mzee wako wa Bogotá angesema guayabo, mpera.

ELI: Ana mpera.

ZUHURA: Baada ya kikombe chako, huenda.

ELI: Na kuzimua wanasemaje?

ZUHURA: Mimi sinywi, usiniulize kuzimua. Nina kahawa za Málaga hapa bado, nube, wingu, maziwa yenye tone la kahawa, na sombra, kivuli... Dakika ngapi?

ELI: Mbili. Watu wa saa kumi wako mlangoni.

ZUHURA: Maneno manane hayajaguswa! Funga basi.

ELI: Sema naomba.

ZUHURA: Funga, Eli.

ELI: Me regala...

ZUHURA: Nazima mwenyewe.